Majirani wa Neno Kukimbia

Siku yangu ya kwanza chuoni hapa Bunia, Chef, mkuu wa idara ya lugha, alinikabidhi ufunguo wa chumba cha kompyuta.

"Weye, CT, utaongoza wanafunzi wa hizi mashini."

CT ni chef de travaux, mwalimu anayesimamia utafiti wa wanafunzi. Nilikuwa nimetoka kufundisha sekondari kule Mongbwalu.

"Chef, miye ni mutu wa sarufi."

"Wao banatafuta maana ya maneno. Ni lugha ile ile," akasema, akaenda zake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanafunzi anakusanya korpasi, yaani lundo la mazungumzo ya watu yaliyoandikwa. Kompyuta inatazama maneno yanayotajwa pamoja, kisha inampa mwanafunzi majirani wa kila neno. Nilieleza hayo ubaoni mara nyingi, na kila mara nilitoka darasani nikijiuliza nimesema nini.

Kisha akaja mwanafunzi mmoja, Lotsove. Alikuwa amerekodi wamama wa sokoni, kwa ruhusa yao. Tulipoomba majirani wa "kukimbia", nilitegemea mbio, au miguu. Jirani wa kwanza alikuwa "matela", lile godoro la kulalia.

Chef alikasirika. "Hii ni makosa. Toa hiyo neno, ao juri itatucheka!"

Bila sahihi yangu Lotsove asingetetea kazi yake mbele ya juri, lile jopo la walimu wanaoipima, na mwaka wake ungepotea. Nikairudisha korpasi kwenye mashini. Matela tena. Nikamwita Lotsove.

"Papa CT, siye tulipokimbia batu ya bunduki kule Djugu, mama alibeba matela juu ya kichwa," alisema. "Batu bote banasimulia vile. Mashini inasikia tu."

"Sasa hiyo ndiyo maana ya kukimbia?"

"Sijue, Papa. Nilikuja kukuuliza weye."

Nilitia sahihi, matela ikiwa palepale, bila kujua kama ninamsaidia au ninamzamisha.

Siku ya utetezi Chef alinigeukia mbele ya juri. "CT, hii mashini inaelewa ao haielewi?"

Nilivua miwani, nikaivaa tena. "Chef, sijue. Lakini wamama walisema hivyo."

Juri walitoka kujadiliana, wakakawia. Waliporudi walimpa Lotsove distinction, daraja la juu. Chef alimpa mkono yeye. Mimi akanipita.

Niliongoza wengine hadi nilipostaafu, na sikuwahi kuwa na uhakika tulikuwa tunapima kitu gani. Vijana wanaokuja nyumbani kuniuliza huondoka na chai tu.

Juzi niliona nimuulize mke wangu, maana yeye hajawahi kuikaribia mashini. Alikuwa amekaa mlangoni akichagua maharagi.

"Mama Neema," nikaanza, "kukimbia..."

Alikuwa amekwisha kusimama, maharagi yametapakaa chini.

"Bamefika wapi?" akauliza.