Maji katika Maziwa ya Mama Njeri

Sisi tuliokulia Moiben, tukikamua kabla ya jua kuchomoza, hatukuhitaji kuandika ukutani kwamba nyumba yetu ni ya Kikristo. Siku hizi, huku Kiplombe, ukuta ndio ushahidi pekee: aya ya Biblia ndani ya fremu ya dhahabu, juu ya televisheni isiyozimwa. Wazazi wamekaa chini yake, kila mmoja na simu yake, wakingoja mwalimu wa shule ya Jumapili awalelee watoto kwa saa moja. Kisha wanashangaa mtoto hajui hata kumwamkia mgeni.

Baba, mzee wa kanisa, alikuwa na kanuni moja. Kabla ya sala ya jioni aliuliza nani kamkosea mtu. Akiwapo, sala ilingoja upatanisho.

Nilikuwa na miaka tisa nilipojikwaa nikipeleka maziwa kwa Mama Njeri, mwenye duka, aliyehamia kwetu kutoka Nyeri. Nusu ya mkebe ilimwagika. Niliujaza mtoni.

Jioni Mama Njeri akaja. "Mzee, ng'ombe wenu siku hizi mnamkamulia ndani ya mto?"

Baba hakucheka. Alipoondoka mgeni, nilikiri, naye akaifunga Biblia. "Leo hatusali. Tutamwambia Mungu nini, na jirani amekunywa uongo wetu?"

Mimi niliyezoea kusinzia katikati ya sala hiyo, nilikosa usingizi kwa kuikosa.

Asubuhi Baba aliubeba mkebe mwenyewe. Dukani, mbele ya wateja, nilisema nilichofanya. Ndipo naye akavua kofia. "Mama Njeri, nyumba yangu imekukosea."

Nyumba yangu, alisema. Fimbo ningeisahau, kipara kile kilichoinamishwa mbele ya watu sijakisahau.

"Vaa kofia, Mzee, baridi itakuua," Mama Njeri akasema. "Na wewe, kesho uniletee maziwa, mto uuache mahali pake."

Wazazi wa leo hukimbilia shuleni kumtetea mtoto kabla ya kumuuliza alichofanya. Nawajua vyema. Muhula uliopita mwanangu alinaswa na majibu ya mtihani ndani ya soksi. Nilikwenda, nikadai ushahidi kwa Kiswahili fasaha, hadi mwalimu ndiye aliyeomba radhi.

"Buda, umewaweza," mwanangu akaniambia garini, akicheka.

Kofia ya Baba, niliyoirithi, nilikuwa nimeivaa siku hiyo shuleni. Haikunitoka kichwani. Na jioni ile tulisali kama kawaida, chini ya fremu.