Samaki Wawili wa Nirupaben

Mwanga wa asubuhi ukishaingia sebuleni tu, Nirupaben Doshi anavuta fremu yake ya mbao na kutunga uzi kwenye sindano. Usiku hadarizi. Mdudu akijipenyeza chini ya kitambaa, atamwonaje?

Hapa Surat, yeye hudarizi vitambaa vinavyotundikwa nyuma ya kiti cha mtawa wa Kijaini, dini ya India inayokataza kuua hata mdudu. Kila kimoja hubeba alama nane za heri, miongoni mwake chungu cha utimilifu, kioo cha kuitazama nafsi, na samaki wawili, ishara ya tamaa iliyosalimu amri. Kazi ya miezi miwili humpa rupia elfu tisa.

Leo samaki hawapo. Mahali pao pamebaki matundu ya sindano.

Wiki iliyopita Kantaben, msimamizi wa ukumbi wa watawa, alikipokea kitambaa, akakigeuza, akakikodolea macho.

"We binti, hawa samaki mbona wanang'aa hivi? Hii hariri."

"Pamba tupu, shangazi. Nimenunua mwenyewe."

"Na aliyekuuzia alisema hivyohivyo."

Hariri hupatikana kwa kuchemsha viwavi wakiwa hai. Kuitundika nyuma ya mtawa ni kutundika mauaji. Uzi ungechomwa ukweli ujulikane, lakini ukumbini moto hauwashwi, maana nao huua vijidudu. Ikabidi waende jikoni kwa Nirupaben, kila mmoja ameshika ncha yake ya kitambaa, hakuna anayemwachia mwenzake.

Pamba ikiungua hunuka karatasi; hariri hunuka nywele. Uzi ule ulinuka nywele.

"Niliwawaza wale viwavi," anasema sasa. "Viumbe wangapi wale, na nimewashona kwa mikono hii."

Kantaben hakulainika. "Pamba tupu, eh? Ulidhani pua yangu imezeeka?"

"Ningejua, shangazi, ningekuleta jikoni kwangu?"

Mama huyo alimrudishia kitambaa. "Haya, fumua. Lakini nitakuja kuangalia."

Na anakuja kweli. Tunapozungumza yupo mlangoni, ananusa donge jipya la uzi.

"Hilo nimeshalichoma, shangazi."

"Umechoma mwanzo. Na katikati?"

Nirupaben anacheka, lakini anakata kipande cha katikati na kuwasha jiko. Kinanuka karatasi.

Anapanga kununua pamba ghafi, asokote uzi wake mwenyewe pamoja na majirani wawili, asitegemee tena neno la muuzaji.

"Nataka siku moja mtu aitundike kazi yangu bila kuinusa kwanza."

"Siku hiyo siyo leo," anajibu Kantaben, na kuomba donge lingine.