Mpira wa Orval Tveit Ulioshindana na Sauti

Asubuhi ile Orval Tveit alikwisha kulizunguka banda lake mara tatu, mikono mfukoni, na hakuna alichokuwa akikitafuta. Nyumba ilikuwa imeuzwa. Ijumaa yeye na mkewe Arlys wangehamia ghorofa ya tatu mjini Duluth, ambako bomba lake la futi kumi na mbili lisingepita hata mlangoni.

Kwa miaka thelathini na minne alikuwa fundi mabomba katika kiwanda cha karatasi, mtu ambaye hata ibada ilimwia ndefu. Alipostaafu, kule kutotulia kukahamia kwenye bomba hili. Unatia ndani mpira mdogo wa tenisi ya mezani, unaziba ncha zote mbili kwa solotepu, unanyonya hewa yote kwa pampu. Kisha unafungulia tangi la hewa iliyoshindiliwa mpaka solotepu ya nyuma ipasuke, na mpira unachomoka upande wa pili na kutoboa ubao. Kwa miaka tisa alitaka jambo moja tu: mpira uipite sauti. Ukutani alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: futi 1,125 kwa sekunde. Alikwisha kufika 1,118.

Sasa zilibaki siku mbili, na jirani yao Duane alishachukua hita ya bandani. Nje ilikuwa digrii ishirini za Farenhaiti chini ya sifuri, na ndani vilevile. Arlys aliingia na kahawa, amejifunika mpaka puani.

"Mzee, vidole hivyo vitakatika."

"Acha vikatike. Kule ghorofani nitavifanyia nini?"

"Utaoshea vyombo."

Orval akafungulia hewa. Paa! Ubao ukaruka. Orval akakimbilia kipimo cha mwendo, akasoma, akasoma tena. 1,041.

"Miaka tisa," alisema, "na nimerudi nyuma."

Arlys alikuwa akiutazama ukuta. "Nani alikupa namba hii?"

"Iko vitabuni. Kila mtu anaijua."

"Hiyo ni ya chumba chenye joto, Orval. Kwenye baridi sauti huenda polepole. Nimewafundisha watoto wa watu hivyo kila Januari, mpaka nikastaafu." Akachukua penseli, akapiga hesabu juu ya boksi la sahani. "Leo sauti inakwenda 1,029. Umeipita kwa futi kumi na mbili."

"Na miaka yote hii umeninyamazia?"

"Si ulikuwa unawasha hita kila siku! Halafu ukanikataza nisiingie, eti nakutikisia vipimo."

Orval akainama nyuma ya bomba. Solotepu haikuchanika taratibu kama siku zote. Kwa baridi ilikuwa imevunjika mara moja, vipande vipande kama kioo, hewa ikausukuma mpira kwa pigo moja. Baridi ilimngoja mlangoni kila majira ya baridi, naye akaifukuza kwa moto ili vidole visimuume.

Alicheka kidogo. Kisha akasimama pale akingoja moyo utulie, kama alivyokuwa amejiahidi kwamba siku ya kuipita sauti ungetulia. Upepo ulipiga bati. Moyo haukutulia.

"Leo ni Jumatano," alisema.

"Ndiyo."

"Futi kumi na mbili ni kidogo, mama. Mtu anaweza kusema kipimo kimekosea."

Arlys akaweka kahawa chini, akavua glovu moja, akaanza kukata solotepu.