Mwantumu Alibeba Kibuyu, Si Mimi

Enzi zetu mwaka haukuwa na namba, ulikuwa na chakula. Mwaka ninaousema ni ule tulioanza kwa kula ndiga, vile viazi vya porini vinavyolowekwa siku tatu ili visikuue, tukaumaliza kwa maboga na mtama mpya mpaka watoto tukaota vitambi. Mjerumani alikuwa ameshakaa bomani hapa Handeni. Mliokula ndiga hizo mnanielewa. Wajukuu wasome tu.

Mvua iliponyesha, baba alisema lazima tuwapelekee wazee wetu maji na unga wa mtama mpya, kwenye makaburi yao kule Magoma, walikozikwa kabla ukoo haujahamia huku. Maji hayo hubebwa na msichana ambaye hajavunja ungo, ndani ya kibuyu cha ukoo, na tangu kizingiti cha nyumba mpaka kaburini haongei na mtu. Akitamka neno moja, wote mnarudi nyumbani kuanza upya.

Mimi ni mtoto wa mke mkubwa. Kibuyu kilikuwa changu, kila mtu alijua. Asubuhi ya safari baba akampa Mwantumu, binti wa mama mdogo, kitoto chembamba kama fito, nami nimemzidi mwaka mzima.

"Na mimi, baba?"

"Wewe mdomo wako haujawahi kulala. Utaturudisha hata mtoni hatujafika. Beba mkeka."

Nikabeba mkeka, na wivu juu yake. Njia nzima nikawa na kazi moja tu: kumfanya Mwantumu aseme.

Tulipumzika kwenye mahame ya babu. Baba akatuonyesha ua wa miti uliokuwa umechipua ukawa msitu, na mlango mwembamba wa kupita mtu mmoja mmoja. "Hapa babu yenu alilala na upinde kifuani," akasema, "akiwangoja wakamata watumwa." Mimi nikamnong'oneza Mwantumu, "Nyoka mguuni!" Hakutazama hata chini.

Korogwe tukasimama kuangalia garimoshi. Lilipopiga kelele, mama mdogo aliketi mavumbini akitoa shahada, mimi nikapiga yowe. Mwantumu akakikumbatia kibuyu, machozi yanamtoka, sauti hakuna. "Mtoto huyo!" watu wakamsifu. Nikatamani garimoshi limzoe liende naye Tanga.

Tulipoiacha Korogwe, mzungu mmoja mwenye shamba akatuita nyumbani kwake. Alikuwa na chumba cha vitu vya watu: ngoma, mikuki, vigoda, vimepangwa kama sokoni ila muuzaji hayupo. Baba alikitambua kigoda cha jumbe wa kijiji jirani. Mzungu akakiona kibuyu. Akasema kwa lugha yao, na mkalimani wake, mtu wa pwani mwenye kanzu nyeupe, akamwinamia Mwantumu.

"Binti, bwana anakitaka hicho. Utampa?"

Mwantumu kimya.

"Haya, amenyamaza. Amekubali," akacheka, akanyoosha mkono.

Baba alitazama vidole vya miguu yake. Msimlaumu, wakati ule kiboko kilikuwa karibu kuliko salamu. Na mimi, nisiwafiche, nilifurahi. Nilikiona kibuyu kinakwenda, na sifa za Mwantumu zinakifuata. Kisha nikamtazama. Midomo ameibana mpaka imepauka, hata kujiokoa hasemi. Nikajua kabisa kwamba mimi nisingeweza. Wivu ukanizidi: yeye ana kunyamaza, mimi nina mdomo tu. Nikaropoka:

"Kina wenyewe, mjomba! Wamelala Magoma wanangoja maji. Bwana akitaka kibuyu, tutamletea mbegu, apande!"

Alitafsiri nini sijui. Mzungu alicheka mpaka kofia ikaanguka, akatupungia mkono twende zetu.

Tulipofika Magoma, Mwantumu akamimina maji makaburini. Baba akanishika bega. "Shika nawe mwanangu, umwage kidogo kilichobaki. Umetuokoa." Nilikitamani kibuyu kile kuliko nyama. Lakini mabaki ya Mwantumu? Nikamwambia, "Sitaki. Kingekuwa changu, ningekibeba tangu nyumbani."

Siku hizi wajukuu husafiri wamekaa. Wanatapika garini kabla ya mto, wanafika mjini wanatazama vigoda vyetu nyuma ya vioo, wanarudi hawajui aliyevikalia ni nani. Kunyamaza hata muda wa kumenya ndizi hawawezi. Sisi tulikwenda siku nne kwa miguu, na kila hame lilikuwa na mtu wa kutuambia nani alilia pale, nani alicheka. Hata hivyo nawaonea wivu, maana wao wanabwabwaja watakavyo na hakuna anayewanyima kitu kwa sababu ya mdomo.

Baada ya mavuno ya juzi, Mwantumu alikuja kwa gari la mjukuu wake, kikongwe sasa, kibuyu kiko mapajani, bado hakijatiwa maji.

"Shikamoo dada. Nakwenda Magoma. Vitoto vya leo hakuna kinachoweza kufunga mdomo, kikongwe naye huhesabiwa kama hajavunja ungo, na mimi nimechoka. Safari hii ushike wewe."

"Haya bibi, panda!" wajukuu wakapiga kelele. Mlango wa gari ulikuwa wazi. Kibuyu kimekuwa cheusi kwa mikono ya watu, kinang'aa, kizuri kuliko nilivyokikumbuka. Mwantumu akanisogezea karibu na kifua.

"Sitaki," nikamwambia. "Kingekuwa changu, ningekibeba tangu nyumbani."