Barua Aliyosomewa Harlan Veldkamp

Si kweli kwamba Harlan Veldkamp alikufa kwa tamaa ya vitu vya bei rahisi. Waliosema hivyo kanisani pale mjini Sunnyside, vikombe vya kahawa mkononi, hawakumjua. Viatu vya theluji alivyovifuata dukani havikuwa hata vyake. Vilikuwa vya mkewe, Lenora, ambaye vyake vya zamani vilikuwa vikiingiza maji tangu mwaka uliotangulia.

Kwa miaka thelathini na mmoja Harlan alikuwa mgawa maji. Alizunguka na gari kandokando ya mfereji, akiwafungulia wakulima wa matufaha na zabibu malango yao kwa zamu. Tangazo likibandikwa kwamba maji yanakatwa Alhamisi, basi Alhamisi yalikatwa, na aliyechelewa aliitazama miche yake ikinyauka asiwe na wa kumlaumu. Lililoandikwa limeandikwa. Harlan alistaafu na imani hiyo. Mbali aliona vizuri, ila herufi ndogo zilianza kumkataa, na Lenora, aliyekuwa mkutubi wa shule ya sekondari, akawa anamsomea kila kitu: gazeti, maelezo ya dawa, barua pepe.

Asubuhi moja ya Novemba alimsomea kichwa cha barua pepe kutoka duka fulani la viatu la mji jirani wa Yakima, lililokuwa limepunguza bei: "Leo ndiyo siku ya mwisho."

"Mwisho kweli?" Harlan aliuliza.

"Ndivyo walivyoandika."

Harlan alichukua funguo. Barabara ilikuwa imeganda, na gari liliteleza kwenye daraja la mfereji uleule aliouhudumia maisha yake yote. Alifia hapo.

Kesho yake, meza ikiwa imejaa mabakuli ya viazi na jibini kutoka kwa majirani waliokuja kumfariji, iliingia barua nyingine: "Tumewaongezea siku moja." Keshokutwa yake ikaja ya tatu, maneno yaleyale. Lenora alizisoma kwa sauti, kwa mazoea tu, na kiti cha upande wa pili hakikuuliza kitu.

Januari wabunge wa jimbo walitaka kuilegeza sheria inayokataza vichwa vya uongo kwenye barua pepe za biashara za namna hiyo. Lenora alijiandikisha kwenda kusema mbele ya kamati yao huko Olympia, makao makuu ya jimbo. Doreen, jirani yake, alimwendesha.

"Wanasema unatafuta fidia," Doreen alimwambia njiani.

"Nani hao? Walioniletea viazi visivyo na chumvi?"

"Vile vilikuwa vyangu, Lenora."

"Najua."

Doreen alicheka peke yake hadi njia panda.

Kikaoni, aliyetangulia kusema alikuwa bwana mmoja wa chama cha wenye maduka, mwenye tai nzuri. "Waheshimiwa," alisema, "wafanyabiashara wanashtakiwa kwa sababu ya maneno mawili matatu. Kila aliyekwenda shule anajua 'siku ya mwisho' ni lugha ya sokoni tu. Mtu akiiamini, kasoro haiko kwenye barua." Nyuma huko watu walicheka kidogo.

Lenora alipewa dakika mbili. Alieleza habari za mfereji, tangazo la Alhamisi, macho yaliyoshindwa na herufi ndogo, barua ya duka na daraja. "Mume wangu hakuwa mjinga wala mlafi," alisema. "Aliamini maandishi kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kubandika tangazo la uongo."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo, alivua miwani.

"Pole sana, Bibi Veldkamp. Nisaidie jambo moja. Umesema herufi ndogo zilimshinda. Nani alimsomea barua hiyo? Na huyo naye aliamini?"

Lenora alijua thamani ya jibu lake. Yeye mwenyewe, aliyekwenda shule hadi akapata shahada mbili, alikuwa ameamini, na neno hilo moja lingemfunga mdomo yule bwana wa tai. Lakini kikao kilikuwa kinarushwa mtandaoni, na watu wa Sunnyside walikuwa wanatazama. Kufikia jioni ingekuwa ndiyo habari ya kila jiko: kumbe mkewe ndiye aliyemtoa nyumbani. Na wajukuu wangeikuta habari hiyo imekaa na jina la Veldkamp milele, kwa maandishi.

Alizikunja karatasi zake mara mbili, akazitia mkobani.

"Taa nyekundu ya muda haijawaka, Bibi," mwenyekiti alisema kwa upole. "Muda bado unao."

"Ninao mwingi," Lenora alijibu. "Lakini sisemi zaidi."