Masikio ya Makoye

Makoye alirudisha picha yake Jumatano asubuhi, akaitupa mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Mzee Marselino, masikio ni yangu. Ukosi wa shati ni wangu. Uso huu ni wa nani? Mama yangu kule Didia atalia, atadhani nimeungua mgodini."

Wachimbaji wawili waliokuwa wakisubiri kupigwa picha walicheka. Marselino hakucheka.

"Ni lenzi," alisema. "Anisia! Lenzi yako imeharibika tena."

Lenzi ilikuwa ya Anisia, binti yake, kwa lawama tu. Kamera ile ya Kirusi, pamoja na lenzi zake mbili, iliachwa na Mpolandi mmoja, fundi wa mitambo pale mgodini Geita, alipohama. Lenzi ya kwanza iliota ukungu. Ya pili ilitengenezewa kamera nyingine, kwa hiyo ukilenga macho, kinachotoka safi ni masikio. Anisia ndiye aliyepata dawa. Alikata kwa wembe pete nyembamba ya karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akailaza chini ya lenzi ili isogee mbele kiasi cha unywele.

Wakati huo alikuwa na miaka kumi na sita. Sasa alikuwa na kumi na tisa, na ndani ya kitabu chake cha sala mlikuwa na barua ya masista wa Ushirombo: nafasi yake ya kusomea ualimu ipo, afike kabla ya Jumapili. Lori la kwenda huko lingeondoka Ijumaa.

"Lenzi ikitulia, nenda," baba yake alikuwa amemwambia. "Utaniachaje na kamera mbovu, mama?"

Tangu Pasaka alikuwa ameituliza mara tatu.

Mchana alichomeka mabua tisa ya mtama nyuma ya studio, moja nyuma ya jingine, akafunga uzi mwekundu kwenye la tano. Akaweka jicho kwenye dirisha dogo la kamera, ambamo bua moja huonekana mawili, akazungusha lenzi taratibu mpaka mawili yakawa moja. Akapiga. Kisha akamwita baba yake.

"Piga na wewe, Baba. Lenye uzi. Mara mbili."

"Unanipa mtihani? Nilipiga picha Shinyanga mjini wewe hujazaliwa." Lakini alipiga.

Chumba cha giza kilikuwa stoo ya mabati, mlangoni blanketi limepigiliwa misumari juu. Anisia aliingia na filamu. Aliisafisha filamu, akaitundika, akawasha taa na kuisogelea. Katika picha yake, bua la tano lilitoka safi hata uzi ulihesabika nyuzi zake. Katika picha za baba yake, ya kwanza ilishika bua la nane. Ya pili ilishika la kwanza.

Lenzi haikuwa na kosa lolote.

Anisia aliketi juu ya debe. Maji ya filamu yalimdondokea begani, asiyafute.

"Ni lenzi?" Sauti ya baba yake ilitoka nyuma ya blanketi.

"Baba, ukitazama dirishani unaona mabua mangapi?"

Marselino alishika ukingo wa blanketi.

"Moja," alisema. "Tangu Pasaka ni moja tu, kama moshi. Nizungushe nisizungushe. Nilijua ukisikia ni lenzi utakaa uitengeneze." Akakohoa. "Na ningekwambia ni macho, ungekaa vilevile. Nimekosa pa kushika, mama."

Anisia alitaka kukasirika. Alitafuta hasira, asiione.

Ijumaa Makoye alikuja na shati lile lile. Marselino alisimama karibu na kiti, akamnyoosha ukosi, akamgeuza kidevu, akasema kwa sauti kubwa ili wa nje wasikie, "Hapo hapo, bwana! Hapo hapo!"

Kamera ilikuwa mikononi mwa Anisia. Barabarani lori lilipiga honi. Ndani ya dirisha dogo walikaa Makoye wawili, wote wakitabasamu. Alizungusha lenzi, wakaanza kusogeleana.

Honi ililia mara ya pili, mbali kidogo.

"Usitikisike," alisema Anisia, akasubiri wawe mmoja.