Bertilla Aliyesimama Mbele ya Picha

Gari la sinema lilipofika kijijini kwetu nilikuwa na mimba ya miezi sita, na nilicheka kama wengine. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wanaosimulia habari za Bibi Bertilla siku hizi husema walikuwa upande wake tangu mwanzo. Hawakuwa. Hata mimi sikuwa.

Bibi Bertilla alikuwa mkunga. Hakusomea popote, alifundishwa na shangazi yake tangu angali msichana. Alikuwa mjane, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, na hakuwa na tabia ya kumbembeleza mtu. Mwanamke akipiga kelele kwa uchungu alimwambia, "Piga, lakini sukuma." Nusu ya watoto wa upande wetu wa Msanzi walipita mikononi mwake, mimi nikiwa mmoja wao.

Mwaka 1974, wakati wa Operesheni, tulihamishwa sote kutoka bondeni tukaletwa kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kama darasa. Paa la nyumba yake lilivutwa chini yeye angali ndani anafunga vyombo. Alitoka amejaa vumbi, akawatazama vijana wa mgambo mmoja mmoja, kisha akauliza, "Mmemaliza?"

Kiangazi kilichofuata ikaja Landrova yenye watu watatu na kamera. Mkubwa wao alikuwa kijana mpole mwenye miwani, aliyempa kila mzee shikamoo yake. Alisema wanatengeneza filamu kuhusu maendeleo ya akina mama, na wangependa kumwonyesha mkunga wa kijijini. Mwenyekiti wetu, Ndugu Flavian, akawapeleka kwa Bertilla. Walimkuta anasaga ulezi wa uji kwa ajili ya mwanamke aliyejifungua juzi yake. Wakampiga picha akisaga. Wakamwomba ajifunike kaniki kichwani, eti jua linaharibu picha. Wakamwomba asicheke. Wakamwomba ainue uso polepole aitazame kamera, wakarudia mara tatu. Mimi nilikuwa pale uani, nimekwenda kuazima ungo, niliona yote. Walimwachia mche wa sabuni wakaenda zao.

Mwaka mmoja ukapita. Mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio, gari la sinema likaja. Walitundika shuka jeupe kati ya nguzo mbili kwenye uwanja wa shule, wakawasha jenereta, na kijiji kizima kikakaa chini kimejifunika mablanketi. Bertilla alikuwa amepita nyumba kwa nyumba siku ile akiwaalika watu. "Njooni mnione," alisema. Alikaa mbele kabisa kwenye kigoda chake.

Filamu yenyewe haikuwa na sauti. Kulikuwa na bwana aitwaye Tadei, mfanyakazi wa lile gari, aliyesimama kando na kipaza sauti akisoma maelezo kutoka kwenye karatasi kwa mwanga wa tochi. Tuliona shule, tukaona zahanati, tukaona wakulima wanacheka. Halafu uso wa Bertilla ukajaa kwenye shuka, mkubwa kuliko nyumba, umefunikwa kaniki, macho yanapanda polepole.

"Tazameni, ndugu wananchi," Tadei akasoma. "Huyu ndiye adui ujinga. Mganga huyu anasaga mifupa na mizizi ili awaroge wenzake. Kwa sababu ya watu kama huyu, akina mama wanakufa na maendeleo yanarudi nyuma."

Filamu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Unga wa ulezi ulionekana mweusi kama masizi.

Kwanza watu walicheka. Kisha mwanamke mmoja akapiga yowe, watoto wakakimbia, na nyuma yangu nikasikia mtu akisema kwa sauti ya chini, "Kumbe!" Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilikuwepo uani kwake. Uji wa ulezi ule nimeunywa tangu utotoni. Lakini picha ilikuwa kubwa, na mimi nilikuwa mdogo, na kila mtu alikuwa anacheka.

Bertilla hakuondoka. Alikaa mpaka mwisho, hata ilipokuja filamu nyingine ya kilimo cha pamba, zao ambalo kwetu hatulimi. Kisha akabeba kigoda chake akaenda nyumbani.

Kuanzia siku ile watu walimkwepa. Wengine walivuka barabara wakimwona. Yeye akazidisha kupita katikati ya kijiji, asubuhi na jioni, akimwamkia kila mtu kwa jina na kwa sauti kubwa. "Emerensiana, umeamkaje? Yule mtoto niliyemtoa miguu kwanza hajambo?" Emerensiana akajifanya anatafuta kitu chini.

Nyumbani kwetu, mama mkwe wangu Fransiska alikata shauri mapema. "Mikono ile haimgusi mjukuu wangu," alisema.

"Lakini mama, mimi nilikuwepo wanapiga picha. Ulikuwa ulezi."

"Uliona ulichoonyeshwa, Cornelia. Kamera iliona usichokiona wewe."

Mkwe habishani na mama mkwe, nilijiambia, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na aibu ya kile kicheko.

Ndugu Flavian alimshauri Bertilla, mbele yetu kisimani, aende Wampembe kwa kaka yake kwa miezi michache, mpaka maneno yapoe. Alisema kwa heshima, kofia mkononi.

Bertilla alitua mtungi wake. "Flavian, serikali ilinihamisha mara moja, nikahama. Leo unataka nihamishwe na shuka?"

"Ni kwa usalama wako, mama."

"Usalama wangu upo nyumbani kwangu. Wewe ndiye uliyewaleta wale watu. Ungewaambia wananchi kile kilichokuwa kwenye jiwe langu la kusagia siku ile ya kamera, ningelala salama."

Flavian akavaa kofia yake. Hakuwaambia wananchi chochote.

Kisha likaja jambo la Kristiana. Alikuwa jirani yetu, mimba ya kwanza. Uchungu ulipomshika, ndugu zake walikataa Bertilla aitwe. Walihangaika naye siku nzima wenyewe, damu ikaanza kumwagika, ndipo wakambeba kwenye machela kwenda hospitali. Kristiana alipona. Mtoto alizikwa akiwa hana jina.

Bertilla alikuja mazishini bila kuitwa. Alisimama pembeni, na watu walipoanza kutawanyika akasema, "Nilinyamaza nikidhani wamechafua jina langu tu. Jina langu nitalibeba. Hili silibebi."

Mwezi wa tisa tukasikia gari la sinema lipo tena njiani, litaonyesha Msanzi, kijiji jirani, siku ya Jumamosi. Alasiri ile nilimwona Bertilla anapita na jiwe la kusagia kichwani na kifuko cha ulezi mkononi. Fransiska alikuwa amekwenda msibani. Nilichukua kanga ya pili nikamfuata, tumbo likinitangulia. Alipogeuka na kuniona hakuniuliza ninakwenda wapi. Alisema tu, "Tembea taratibu."

Msanzi walijaa watu kuliko kwetu. Tulikaa. Giza likaingia, jenereta likanguruma, shule ikaonekana, zahanati ikaonekana. Uso wake ulipokuja, na Tadei alipofungua kinywa, Bertilla aliinuka akatembea mpaka kati ya mwanga na shuka. Picha ikamwangukia mwilini. Kivuli chake kikaufunika uso wake mwenyewe.

"Wewe mama, toka!" watu wakapiga kelele. "Unatuzibia!"

"Mama, naomba ukae," Tadei akasema kwenye kipaza sauti.

Bertilla aliondoa kitambaa kichwani, akageuka kuwatazama watu, taa ikimchoma machoni. "Mnaniona?" akasema. "Mnaona aliye nyuma yangu? Ni mimi. Mwulizeni huyu bwana kama aliwahi kuja kwangu."

Akamwendea Tadei. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia maneno yao hata yale yasiyopita kwenye kipaza sauti.

"Nani amekuambia nasaga mifupa?"

"Mama, mimi nimepewa karatasi. Nasoma tu."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi nipe chombo hicho. Mimi nilikuwepo."

Tadei alitazama huku na huku. Alikuwa mtu wa makamo, amechoka na safari, na sidhani kama aliwahi kukutana na mtu aliyetoka ndani ya shuka kuja kumdai maelezo. Akampa. Bertilla akamwamuru airudishe filamu nyuma. Walihangaika nayo kidogo, kisha uso ukarudi.

"Hiyo kaniki," Bertilla akasema, na sauti yake ya kukwaruza ikajaa uwanja, "waliniambia nijifunike kwa ajili ya jua. Hapo waliniambia nisicheke. Hapo wananiambia niinue macho, mara ya tatu hiyo, shingo inaniuma. Na huo hapo ni ulezi. Ulezi! Ninyi ni Wafipa, mnalima ulezi, mnakunywa ulezi, mnapelekeana ulezi harusini. Leo mmeuona kwenye shuka mkausahau?"

Kuna waliocheka, safari hii kicheko kingine. Lakini mwanamume mmoja akasimama. "Mchawi akikana uchawi, tutajuaje?"

"Njoo ujue," Bertilla akasema. Aliliweka jiwe chini kwenye mwanga, akamwaga ulezi, akapiga magoti akasaga mbele yao. Wakati huohuo, juu ya kichwa chake, alikuwa anasaga kwenye shuka. Akachota unga akatia kinywani. "Njoo ule."

Yule mwanamume hakuja. Hakuna aliyekuja. Nilimwona Bertilla amekaa vile, mkono umenyooshwa, unga kwenye kiganja. Angekaa hivyo mpaka asubuhi. Nikainuka. Nilisikia watu wakisema, "Ana mimba, mzuieni!" Niliramba ule unga kwenye kiganja chake mbele ya Msanzi nzima. Ulikuwa mkavu, ukanipalia, nikakohoa, na mtu akapiga yowe kwamba ninakufa.

"Nakohoa," nikasema. "Ni unga mkavu. Nileteeni maji." Kisha nikawaambia kwamba nilikuwepo siku ya kamera, na kwamba nilicheka.

Sisemi wote waliamini. Wengine waliondoka wakinitazama kama maiti. Lakini akina mama watatu wa Msanzi walikuja kuchukua unga, mmoja wao akisema kwa sauti kwamba Bertilla ndiye aliyemzalisha.

Wiki iliyofuata Bertilla aliitwa ofisi ya kata kwa kosa la kuvuruga kazi ya serikali. Nilimsindikiza. Karani alimsomea barua: "Mimi Bertilla nakiri kosa langu na sitarudia." Akamsogezea wino wa kidole gumba.

"Nani ameandika hiyo?" Bertilla akauliza.

"Ni maneno yako, mama."

"Mimi sijui kuandika. Filamu yenu ilisema mimi ni ujinga. Sasa ujinga umejifunza kuandika barua lini?"

Walimweka nje mpaka jioni, wakamwambia arudi kesho. Kesho yake alifika kabla ofisi haijafunguliwa, akakaa na kigoda chake mlangoni, kila anayeingia lazima ampite na amwamkie. Siku ya nne karani aliitia barua ile kwenye droo akamwambia aende nyumbani. Kidole chake hakikugusa wino.

Filamu haikufutwa. Tulisikia imeonyeshwa Kasesya, imeonyeshwa Wampembe huko ziwani, kwa maneno yaleyale, na huko hakuna aliyesimama. Lakini kwetu mambo yalibadilika kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Gari lilipokuja tena, Tadei alipofika kwenye mifupa na mizizi, mtu mmoja gizani akaita, "Ulezi!" Mwingine akaitikia, "Ulezi!" Mwishowe uwanja mzima ukawa unapiga kelele, hata wale ambao hawakumwamini Bertilla, maana kuzomea ni raha. Tadei hakusikika. Mara iliyofuata, alipofika pale, alikizima kipaza sauti, akaiacha picha ipite kimya.

Mimi nilishikwa na uchungu mwezi wa kumi, asubuhi ya joto. Fransiska aliwaita wanawake wengine wawili. Nikamwambia mume wangu, Basil, "Kamwite Bertilla, au nitakwenda mwenyewe kwa miguu."

"Katika nyumba yangu?" Fransiska akasema.

"Mama, mtoto ni wangu."

Sikuwahi kumjibu hivyo kabla ya siku ile. Basil alitutazama sote wawili, kisha akatoka mbio. Bertilla alipoingia, Fransiska alitoka akakaa nje na rozari yake. Baada ya muda nilisikia ile sauti ya kukwaruza dirishani: "Fransiska, chemsha maji. Utasali yakiwa jikoni." Maji yakachemka. Binti yangu akazaliwa kabla ya saa sita mchana.

Bertilla alizalisha miaka minane zaidi. Miguu ilipomchoka, wanawake walipelekwa kwake kwa baiskeli, na yeye akawakaripia kwa kuchelewa. Wapo waliovuka barabara mpaka mwisho wa maisha yake, na yeye aliwaamkia kwa majina mpaka mwisho. Alifariki msimu wa mavuno, tukamzika karibu na nyumba yake ya kijiji kipya, maana alikuwa ameagiza asirudishwe bondeni. Fransiska hakuja mazishini. Nami sikumwomba aje.